Nashindwa kulala, naambiwa ni kukosa imani. Naombeni ushauri

Mama Chanja:
Bwana asifiwe wapendwa, na wengine habari zenu.

Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue 2024, 15 Mei hadi 15 Agosti, mtaji tuliula wote nyumbani. Baadaye nikachukua mkopo wa kikundi, 800,000, marejesho 48,000 kila Jumatatu kwa wiki 20. Si kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonga, ila Jumatatu ni Jumatatu.

Sasa mvua zimeanza. Mnaojua dagaa mnajua: jua likiwaka, unaanika asubuhi na jioni unafunga gunia. Wakinyeshewa wakiwa nusu kavu wanakatikakatika, wanabadilika rangi, unabaki kumbembeleza mtu wa chakula cha kuku. Yamenikuta mara mbili ndani ya wiki moja. Basi saa nane usiku niko macho nasikiliza bati. Hata pasipo na mvua mimi naisikia. Naamka, nafungua mlango, natafuta nyota, narudi kitandani napiga hesabu ya Jumatatu.

Nikamweleza mama mmoja wa maombi. Akanisomea Mathayo 6, ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, akasema wasiwasi ni dhambi, nitubu. Nilipomtajia kwamba nataka kununua turubai kubwa akasema ndiyo mashaka yenyewe hayo. Sasa nina mizigo miwili, wa dagaa na wa dhambi. Nimetubu wiki nzima na usingizi hauji. Nakosea wapi?

Kasulu Asilia:
Mwakeye dada. Nunua turubai. Mengine yatafuata.

Mtu wa Reli:
Huyo mama wa maombi nyumba yake haina bati?

Mwinjilisti Mstaafu:
Binti yangu, pole. Hao ndege wa Mathayo 6 unao hapo hapo Kibirizi. Yangeyange anafika ufukweni kabla yako, anavizia dagaa wako. Halali kiotani akingoja kuletewa. Yesu alisema hawana ghala na bado Baba anawalisha; hakusema hawatoki asubuhi. Na aliwakataza akina nani? Alikuwa akisema na watu wanaowaza watakula nini, watavaa nini. Mimi nikiisoma nasikia mtu anatuliza wenzake, si mtu anayegawa viboko.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya kakimbia, yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumwambia atubu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili.

Petro naye anasema tumtwike Mungu fadhaa zetu. Kutwika unakujua, uko gatini kila siku. Ukishamtwika mchukuzi gunia, hutembei nyuma yake umeng'ang'ania kona. Funika mzigo, weka mawe. Ukiamka usiku tazama juu mara moja, sema: "Baba, nimefunika, mvua ni yako," urudi ulale.

Mlokole Original:
Mnampoteza dada wa watu. Wafilipi 4:6 inasema msijisumbue kwa neno lolote. LOLOTE. Nyie mnamfundisha kutegemea nailoni.

Mwinjilisti Mstaafu:
Ndugu, shuka hadi mstari wa 18. Paulo huyo huyo, yuko kifungoni, anawashukuru Wafilipi kwa vitu walivyomletea kwa mkono wa Epafrodito. Alivipokea.

Bint Ujiji:
Samahani kuingilia, mimi Muislamu. Kwetu mtu alimuuliza Mtume, nimwache ngamia wangu nimtegemee Mungu, au nimfunge? Akaambiwa mfunge, kisha utegemee. Halafu shoga, kama bado unaanika mchangani hamia kwenye chanja kabisa, ile meza ya kuanikia, usiishie kwenye jina. Hewa inapita chini, dagaa wanawahi kukauka na hawana mchanga, bei inapanda.

Nesi Mstaarabu:
Kama hii ya kutolala imepita wiki mbili, au moyo unakwenda mbio, nenda ukapimwe. Kuna ya kuombea na kuna presha, na zinaweza kuja pamoja. Na mwone mwenyekiti wa kikundi kabla ya Jumatatu, si Jumatatu yenyewe.

Mama Chanja:
Nimesoma zote, asanteni, hata wewe Mlokole. Mwenyekiti nimeonana naye, amenuna lakini amekubali nilipe nusu wiki hii. Turubai nimechukua, tumechangia na jirani.

Jana saa nane niliamka kama kawaida. Nikatoka, ng'ambo upande wa Kongo radi zinamulika. Nikasema maneno ya Mwinjilisti. Nisiwe mwongo, sikusinzia palepale. Ila asubuhi mume wangu ndiye aliyeniamsha, na si kawaida yake.

Mtu wa Reli:
Na mvua je?

Mama Chanja:
Ilinyesha. Kona moja tu ndiyo ililowa, jiwe lilikuwa dogo.