Nataka kumpeleka bi mkubwa Ufaransa kutembea taratibu: tukae Nice au Normandie?

Kibohehe
Wakuu, salaam. Bi mkubwa amestaafu ualimu, anakaribia miaka sabini, yuko Moshi anatengeneza batiki na kuhangaika na maua yake. Sisi watoto tumechanga tumpeleke Ufaransa, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Sitaki safari ya kukimbizana na ratiba. Nataka mji wa baharini, picha za wachoraji wakubwa, bustani, kahawa ya jioni, mchana alale kidogo. Goti la kushoto linamsumbua, ngazi nyingi haziwezi.

Tuna kama wiki mbili. Tukae kusini kule Nice, au kaskazini Normandie kwenye bustani ya mchoraji Monet? Na mwezi gani? Wale wa "usikose Mnara wa Eiffel" naomba wapite kimyakimya. Nawasilisha.

Mzee_wa_Raskazone
Maua si yapo Lushoto jamani? Hela mnazo.

Kibohehe
Lushoto kafundisha mpaka kachoka, mkuu. Pita tu.

Shangazi_wa_Lyon
Mwanangu, hongereni kwa kumkumbuka mama. Nimeishi huku miaka mingi na jibu langu ni Nice. Pangeni sehemu moja tu, msihamehame na mabegi. Treni za mkoa zinafuata pwani: upande mmoja Antibes na Cagnes, upande wa pili Villefranche, Beaulieu, Monaco mpaka Menton. Asubuhi mnatoka, saa nane mmerudi, mama kalala.

Siku ya kwanza mpeleke mtaa wa Cimiez. Ni mlimani, kwa hiyo pandeni basi, msijaribu kwa miguu. Mkishafika juu ni tambarare na kila kitu kiko jirani: makumbusho ya mchoraji Matisse ndani ya jumba jekundu, shamba la mizeituni lenye vivuli na viti, kisha bustani ya monasteri yenye mawaridi, unaiona Nice yote chini na bahari yake. Matisse alifika mji huu mwaka 1917, akafia hapo 1954, na kaburi lake liko hukohuko Cimiez. Uzeeni, baada ya upasuaji mkubwa, kusimama kulimshinda, akawa anakata karatasi za rangi kwa mkasi na wasaidizi wanazibandika ukutani. Moja ya kazi hizo, ya maua na matunda, imejaa ukuta mzima. Mtu wa batiki akisimama pale hutamtoa. Mwache.

Njiani mkishuka kuna makumbusho ya mchoraji Chagall. Yalifunguliwa 1973 mwenyewe akiwa hai. Ndani kuna picha 17 kubwa za Biblia: 12 za Mwanzo na Kutoka, na tano zilizobaki, zote nyekundu, ziko chumba kidogo cha Wimbo Ulio Bora. Kama mama ni mtu wa kanisa ataanza kukusimulia yeye. Angalizo: Matisse na Chagall wote wanafunga Jumanne. Makumbusho ya Picasso ya Antibes, ile ngome iliyo juu ya bahari alimofanyia kazi mwaka 1946, inafunga Jumatatu.

Mpaka_Rangi
Shangazi shikamoo, ila hapa nakupinga. Mama mwenye bustani unampelekaje Ufaransa asifike Giverny? Monet aliishi pale kuanzia 1883 mpaka alipofariki 1926, na lile bwawa la mayungiyungi alilichimbisha mwenyewe ili apate cha kuchora. Treni inatoka Paris stesheni ya Saint-Lazare mpaka Vernon, chini kidogo ya saa moja, halafu basi dogo mpaka kijijini. Bustani iko wazi kuanzia Aprili mosi mpaka Novemba mosi tu. Ndani ya nyumba usitegemee picha zake halisi, utakuta mkusanyiko wake wa picha za Kijapani. Mayungiyungi yenyewe yaliyochorwa yako makumbusho ya Orangerie, Paris, kwenye vyumba viwili vya duara dufu.

Njia hiyohiyo ya reli inaendelea mpaka Le Havre. Makumbusho yao, MuMa, yametazamana na bahari, kuta ni vioo, na meli za mizigo zinapita nje wewe uko ndani unaangalia bahari iliyochorwa na Boudin. Kisha Honfleur, kanisa la mbao lililojengwa na mafundi wa meli, bandari ya kale katikati ya mji. Kule Étretat hana haja ya kupanda. Majabali yale meupe anayaona vizuri akiwa amekaa ufukweni.

Shangazi_wa_Lyon
Marahaba baba. Sikatai, Giverny ni pazuri. Lakini mvua ya Normandie unaijua. Na maji ya kule mtu wa Coco Beach akitia mguu atapiga yowe.

Mpaka_Rangi
Hahaha, kwa maji nimesalimu amri.

Karani_Mstaafu
Wengine wanazungumza maua, mimi nazungumza makaratasi. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, ombeni mapema. Mnaruhusiwa miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari isipungue euro 30,000, na soma masharti yake kuhusu magonjwa ya zamani, hilo goti limo. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka huko. Kwa kuwa watoto ndio mnalipa, wekeni barua ya kumdhamini, vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha ni mama yenu, na taarifa za benki zenu. Hati zake za pensheni na za nyumba nazo ziwemo, zinaonyesha ana cha kurudia.

Kibohehe
Asanteni sana wakuu, shikamooni wakubwa. Nimeshawishika: siku nyingi Nice, mwishoni tupande treni ya kasi mpaka Paris, tulale siku chache, tuone Orangerie na Giverny. Nilikuwa nafikiria Mei. Na bustani za Menton ninazozisikia zinafaa kwa goti?

Shangazi_wa_Lyon
Mei iache. Kuna tamasha la filamu Cannes, halafu mbio za magari Monaco mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, bei za vyumba pwani nzima zinapaa na treni zinajaa. Njooni Septemba. Bahari bado ina joto, watoto wamerudi shule, na Giverny dalia zimechanua na mayungiyungi bado yapo.

Menton, nendeni Val Rahmeh. Ni bustani ya mimea ya nchi za joto, mama ataikuta mingine anayoijua kwa majina. Serre de la Madone ni nzuri, aliyeitengeneza, Lawrence Johnston, alisaka mimea mpaka Afrika Kusini na China, lakini imepangwa kwa matuta mlimani, ngazi juu ya ngazi. Badala yake nendeni Villa Ephrussi, Cap Ferrat: bustani tisa, bahari kulia na kushoto, na ile ya katikati yenye chemchemi zinazocheza na muziki haina mlima.

Halafu Cagnes, nyumba ya mchoraji Renoir. Baridi yabisi ilimpinda vidole, akawa anachora akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kiti hicho kiko pale chumbani mbele ya ubao wake. Kutoka stesheni chukueni teksi, ni mpando.

Mzee_wa_Raskazone
Na chakula je? Bi mkubwa atakula konokono?

Shangazi_wa_Lyon
Wewe tena! Nice kuna socca: unga wa dengu, huohuo wa bajia, unaokwa kwenye sinia kubwa la duara, unaliwa wa moto na pilipili manga, kwa mkono. Uko mji wa kale, karibu na soko la maua la Cours Saleya. Soko mwende siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Siku hiyo wanauza vitu vya kale.