Tupeane uzoefu: mbwa anayelia na kubomoa mlango akiachwa peke yake

#1
Wadau, tuweke hapa mbinu zinazosaidia mbwa asiyeweza kubaki peke yake. Kwanza tumtambue, maana wengi huchanganya hofu na kuchoshwa kwa kukosa cha kufanya. Acha simu ya zamani inarekodi video, funga mlango, zunguka mtaani nusu saa. Mwenye hofu huanza mapema: anakwenda huku na huko, anahema bila joto, mate yanamwagika mpaka kifua kinalowa, anakojoa ingawa amefunzwa. Makucha yake utayaona mlangoni na dirishani, pale ulipopitia. Aliyechoshwa hulala kwanza, kisha baadaye ndiyo anasaka kandambili za kutafuna. Huyo mpe matembezi na kitu cha kuguguna, yatosha.

#2
Kipimo kingine ni chakula. Mwachie nyama anayoipenda. Ukikuta hajaigusa, halafu anaimeza kwa pupa mara tu ukiingia, hofu ipo. Ila kojo la ndani lianzie kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari.

#3
Zoezi lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuua dalili za safari. Chukua funguo, kaa kwenye kochi. Vaa viatu vya kazini, nenda jikoni ukapike. Rudia mara kadhaa kila siku mpaka asikie funguo zikilia na asiinue kichwa.

Ya pili ni mlango. Toka, funga, hesabu mpaka 3, rudi kimya kabla hajaanza kulia. Mwache atulie, kisha sekunde 5, halafu 2, 8, 4, 12. Usipande moja kwa moja, maana atajifunza kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Uamuzi wa kupanda usiutoe kwenye saa, utoe kwenye video: kidevu kiko sakafuni, kalalia ubavu, pumzi inakwenda taratibu. Akilamba midomo, akipiga miayo mfululizo au akiganda huku masikio yameelekea mlangoni, umeshapitiliza. Rudi kwenye muda aliouweza.

Kazi kubwa iko kwenye dakika 40 za mwanzo. Akizivuka ametulia, ongeza dakika 5, baadaye 15.

Wengi wanaharibu hapa: asubuhi zoezi la dakika 5, mchana mbwa anaachwa peke yake kwa muda wa saa 8 kwa sababu ya kazi. Siku moja ya namna hiyo inafuta wiki nzima. Kipindi chote cha mazoezi awe na mtu, iwe dada wa kazi, jirani au mlinzi. Ni mzigo, lakini bila hivyo unateka maji kwa pakacha.

#4
Mkuu #3, na wale wanaomfungia bandani? Au kumletea mwenzake?

#5
Banda linamfaa aliyezoea kulala humo kwa hiari na mlango uko wazi. Mwenye hofu ukimfungia atang'ata nondo mpaka avunje jino au ang'oe kucha. Mbwa wa pili mara nyingi hasaidii, kwa sababu anayemlilia ni mtu. Na jamani, fimbo hapana. Ile sura mnayoiita ya hatia, masikio chini na mkia katikati ya miguu, ni kuogopa hasira zako za sasa hivi. Mto aliouchana saa 4 asubuhi hauunganishi na kipigo cha jioni, anachojifunza ni kuogopa hata kurudi kwako.

#6
Kwa hali kali, mazoezi peke yake hayashiki, kwa sababu hata sekunde 3 zinamtisha. Hapo daktari wa mifugo anaweza kuandika dawa za kupunguza wasiwasi, fluoksetini au klomipramini. Zote zimeidhinishwa Marekani kwa tatizo hili hili. Fluoksetini kwa kawaida ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo ya mbwa, mara moja kwa siku, na nguvu yake huonekana baada ya wiki 4 hadi 8, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya pili wala kuikatisha ghafla. Mazoezi yanaendelea vilevile. Asepromazini, dawa ya kutuliza mwili, isitumike peke yake: mwili unalegea, hofu inabaki ndani.

La kuangalia sana huku kwetu ni dawa ya kupe. Ya kuogeshea yenye amitrazi, ile ile ya ng'ombe, haichanganywi na dawa hizi mbili, wala kola yenye amitrazi. Soma kibandiko cha chupa, na mwambie daktari unamwogesha mbwa kwa dawa gani kabla hajaandika kidonge.