Mapinduzi ya Iran 1979: msikiti uliyapora, au yalikuwa yake tangu mwanzo?

Kalamu ya Mkaa
Wakuu, naleta mada. Kila ikitajwa Iran, watu wanaimba wimbo mmoja kwamba mapinduzi ya 1979 yalikuwa ya dini. Mimi nakataa. Shah, mfalme wa Iran, aliangushwa na tumbo pamoja na hasira. Wafanyakazi wa mafuta walipogoma Oktoba 1978 ndipo kiti kilipoyumba kweli. Barabarani walikuwepo wanafunzi, wakomunisti wa chama cha Tudeh, wanasheria, wenye maduka. Masheikh walikuja sahani ikiwa imeshapakuliwa. Anayepinga aje na hoja, tusiletewe ushabiki wa Waarabu wa Iran.

Fundi Majahazi
Napinga hilo neno la mwisho tu. Waarabu wa Iran? Shule gani hiyo? Waajemi si Waarabu. Mwambie Muajemi yeye ni Mwarabu uone kama utamaliza chai yako.

Kalamu ya Mkaa
Khuzestan, mkoa wa kusini magharibi mwa Iran, kuna Waarabu, tena kwenye mafuta yenyewe. Sijakosea popote.

Fundi Majahazi
Khuzestan umeijua leo saa nne asubuhi baada ya mimi kuandika. Tunakuona, mkuu.

Msomaji wa Pembeni
Gombaneni tu, mimi narudi kwenye mada. Kosa la Kalamu ni kuweka tumbo huku na msikiti kule. Iran vitu hivyo vimelala kitanda kimoja muda mrefu. Mwaka 1890 Nasir al-Din Shah alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, tumbaku ya nchi nzima: kuinunua, kuiuza, kuisafirisha nje. Mwenye duka sokoni akabaki mtazamaji wa biashara ya babu yake. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Shirazi, sheikh mkuu wa Mashia aliyekuwa Samarra, Iraq, kwamba kuvuta tumbaku ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yule Mahdi wanayemsubiri. Watu wakaweka chini buruma, hizi mnazoziita shisha. Inasimuliwa kwamba hata wake za Shah mwenyewe waligoma kuvuta humo ndani. Mwanzoni mwa 1892 mkataba ukafutwa. Sasa niambieni, hapo aliyeshinda ni sheikh au muuza tumbaku? Muuzaji alikuwa na fungu la kutoa msikitini, sheikh alikuwa na mimbari. Na 1978 ni hao hao, kwa sababu miaka michache kabla Shah alipeleka watu wake sokoni kuwakamata na kuwatoza faini wenye maduka, akidai ndio wanaopandisha bei.

Kijana wa Kariakoo
Mirza SHIRAZI? Kumbe ndio wale wa Zanzibar wanaojiita Washirazi! Babu zao wavuvi wa hapa hapa, ila ukiwauliza wanakwambia walishuka na majahazi saba 😂

Bint Makunduchi
Wewe wa Kariakoo, nilikuwa nasoma kimya, sasa umenitia kidole cha jicho. Kwetu kila Julai tunakoga mwaka. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanaume wa pande mbili wanachapana kwa mapande ya mgomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, wanawake tunawaimbia maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Hiyo ni Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Mvuvi wa hapa hapa kaitoa wapi? Na hilo neno *serikali* unaloamka nalo kila siku kuilalamikia, na *bandari*, na *dirisha* unalochungulia nalo mambo ya watu, yote ya Waajemi.

Kijana wa Kariakoo
Dada, neno si damu. Mimi nasema *shule* kwa sababu ya Wajerumani, sijawahi kudai babu yangu katoka Berlin.

Fundi Majahazi
Hapo kijana kapiga.

Mpemba Asilia
Hajapiga kitu. Mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda na kwengineko imepimwa vinasaba, matokeo yakatoka 2023: baba zao wengi damu ya Kiajemi, mama zao wa hapa hapa. Kwa hiyo nyote mna haki, nyamazeni.

Kijana wa Kariakoo
Yaani mashemeji tu.

Kalamu ya Mkaa
Jamani, uzi wangu unahusu 1979.

Fundi Majahazi
Uzi ulikuwa wako. Chama kilichoshika Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 kiliitwa Afro-Shirazi, kwa hiyo tupo kwenye mapinduzi bado.

Mzee wa Kaseti
Mnasahau kwamba Khomeini, sheikh aliyeshika nchi baada ya Shah, ndiye aliyempindua waziri mkuu Mossadegh 1953 kwa sababu ya dini.

Msomaji wa Pembeni
Mzee, hapana. Mossadegh aliyataifisha mafuta 1951, Waingereza wakanuna, na Agosti 1953 CIA pamoja na hao Waingereza wakamwangusha. Jaribio la kwanza lilishindikana, Shah akakimbilia Baghdad na kisha Roma, akarudishwa baada ya siku chache. Labda unamkumbuka Ayatollah Kashani. Huyo alikuwa mwenzake Mossadegh, halafu akamgeuka.

Mzee wa Kaseti
Sawa, Kashani. Si nimesema sheikh?

Kalamu ya Mkaa
Na masheikh wenyewe hawakuwa kitu kimoja! Wairani walipodai katiba 1906, masheikh wakubwa wawili wa Tehran walikuwa mbele, ila sheikh mwenzao Fazlollah Nuri akaja kuipinga, na 1909 wapigania katiba wakamnyonga hadharani. Mnataka niamini kuna "msikiti" mmoja uliosubiri miaka sabini?

Bint Makunduchi
Mmetaja tumbaku, mafuta na mifupa, wanawake hakuna. Reza Shah, baba wa huyu Shah wa 1979, alipiga marufuku hijabu 1936, polisi wanavua watu shungi barabarani. Wako waliojifungia ndani miaka mpaka alipoondoka 1941. Mwanawe naye akapingwa, wanawake wengi wakavaa baibui lao la chador kuandamana, hata wasiolivaa siku zote. Tarehe 8 Machi 1979, Shah hana hata miezi miwili tangu aondoke, wanawake wako barabarani tena Tehran, safari hii wanakataa kulazimishwa kulivaa. Nguo ile ile. Hilo mnaliweka kwenye tumbo au kwenye msikiti?

Kijana wa Kariakoo
Hapa sina utani, dada.

Mhamali wa Deira
Niko Dubai, upande wa Deira, majahazi ya Iran yanapofunga kwenye hori. Jirani yangu anauza pistachio na zafarani, mzee wa Abadan. Kipande cha sukari anakibana kwa meno, ndipo anapitisha chai juu yake. Alikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta. Agosti 1978 sinema ya Rex mjini kwao iliungua na watu zaidi ya 400 ndani, milango imefungwa. Mji wote ukasema ni Savak, usalama wa Shah. Nilimuuliza yeye leo anaamini ni nani. Akaongeza chai. Nimemsomea swali la Kalamu, kacheka. Anasema Oktoba alifunga mabomba kwa sababu ya mshahara na ile sinema, usiku anasikiliza kaseti za Khomeini kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyemtukana Shah kwa jina. Machi 1979, kwenye kura ya maoni, akapewa karatasi mbili: ya kijani ndiyo, nyekundu hapana. Jamhuri ya Kiislamu, basi. Kijani ikapata zaidi ya asilimia 98, yake ikiwemo.

Kalamu ya Mkaa
Si ndiyo hoja yangu? Kagoma kwa mshahara, kaja kupewa karatasi yenye swali la mtu mwingine. Swali moja, hakuna wa pili wa kumchagua. Hiyo nayo kura?

Fundi Majahazi
Usicheke sana. Wazee wetu enzi za chama kimoja walipiga kura ya rais ya ndiyo au hapana, Mwalimu upande huu, kivuli upande ule.

Kijana wa Kariakoo
Kivuli alipata ngapi?

Mpemba Asilia
Kivuli alikuwa Mshirazi.