Kampuni ya sleji za mbwa kule Ely imetulaza kwenye baridi ya kuua, sasa inatuambia "mlisaini fomu"

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, wale wa "fupisha mkuu" piteni kimya kimya.

Sisi ni Wabongo na Wakenya wa Minneapolis na St. Paul. Mwezi wa pili tulichanga hela tukaenda Ely, kaskazini kabisa mwa Minnesota, jirani na mpaka wa Kanada, kuendesha sleji za mbwa (vile vigari vya kuteleza juu ya theluji vinavyovutwa na mbwa) na kulala porini ndani ya Boundary Waters, hifadhi ya misitu na maziwa. Jina la kampuni silitaji, madai bado yanaendelea. Ila hela waliyotutoza kila mtu ingemfikisha Dar na chenji ya kununulia zawadi.

Barua pepe yao ninayo. Imeandika waongozaji wawili wazoefu, kundi dogo, buti na makoti juu yao, na mabegi ya kulalia yanayohimili nyuzi 40 chini ya sifuri. Tulichokikuta ni kaka mmoja anayejua kazi, na binti aliyekuwa bado anafundishwa. Binti wa watu simlaumu, alitumwa. Lakini huwezi kumhesabu mwanafunzi kama mwongozaji wa pili halafu ukatoza bei ya wawili.

Na hilo "kundi dogo" ndilo lililonifanya nianze kusoma sheria. Boundary Waters kundi haliruhusiwi kuzidi watu tisa, iwe kiangazi iwe baridi. Sisi tulikuwa 12, na wao wawili. Pale kwenye maegesho wakatugawa makundi mawili ya watu saba saba, kila moja na kibali chake, kila kitu safi kwenye karatasi. Tulipovuka ziwa la kwanza tu, tukaunganishwa. Tumetembea pamoja, tumekula pamoja, tumelala kambi moja. Sheria inakataza watu zaidi ya tisa wa msafara mmoja kukusanyika popote ndani ya hifadhi, na wao wanaijua kuliko mimi.

Sasa njooni kwenye maji. Kwa ambao hamjawahi kutembea juu ya ziwa lililoganda: theluji ikiwa nyingi inalielemea barafu, barafu linazama kidogo, maji yanapanda kwenye nyufa na kutulia juu yake, chini ya theluji. Huyaoni. Theluji inayafunika kama blanketi, kwa hiyo hayagandi hata hewa iwe kali vipi. Kuzama huzami, kwa sababu chini yako barafu ni nene, lakini ukikanyaga hapo miguu inalowa, na mguu uliolowa kwenye baridi ile ni janga. Ndiyo maana mtu mzoefu anatangulia kupima njia, na mwingine mzoefu anakaa nyuma kuangalia watu. Wetu mmoja alikuwa mbele huko na mbwa wake. Nyuma tukabaki na mwanafunzi, naye akaziacha sleji za mwisho zikakata kona katikati ya ziwa.

Shangazi yetu mmoja, mtu wa Marangu, alishuka kusukuma sleji iliyokwama akalowa mpaka juu ya vifundo. Buti za kampuni zilikuwa zimeachia mshono. Soksi za akiba? Ziko kwenye sleji ya mizigo, na sleji ya mizigo iko mbele na yule kaka. Binti anauliza "do you feel okay?" Shangazi anasema hasikii kitu. Aliyeokoa jahazi ni dada yetu Mkenya, nesi. Alimvua buti, akakuta vidole vyeupe kama nta, akamzuia jamaa mmoja aliyetaka kuvisugua (msisugue jamani, mnachana nyama), akaifungua jaketi yake na kuiweka ile miguu tumboni kwake mpaka kaka aliporudi. Nesi huyo amelipa nauli kamili kama sisi.

Mimi nimekulia Moshi. Kilimanjaro kwenye geti mzigo wa mpagazi unapimwa kwa mizani kabla hajapanda. Hawa hata mishono ya buti hawakuiangalia.

Mbwa sina neno nao. Wale viumbe wanapiga kelele za wazimu mpaka nanga (chuma kinachoishikilia sleji kwenye theluji) ing'olewe, wakianza kuvuta ni kimya, kazi tu. Jioni walipikiwa supu ya nyama na mafuta, wakatandikiwa nyasi kavu. Sisi tulipewa tambi za pakiti. Mtu anayelala nje kwenye baridi anahitaji mafuta mwilini kama mbwa tu, lakini inaonekana bajeti ya mafuta iliishia kwa mbwa.

Usiku nikasoma lebo ya begi la kulalia kwa tochi. Sifuri. Sifuri ya Fahrenheit, yaani kama nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Kipimajoto cha kaka kilikuwa kimeshapita 30 chini ya sifuri. Hakuna aliyelala, tulikaa tumezunguka moto tukihesabu kuni.

Majibu ya kampuni: eti baridi ilikuwa "isiyo ya kawaida". Isiyo ya kawaida wapi? Tower, mji wa jirani, tarehe 2 Februari 1996 walipima nyuzi 51 chini ya sifuri, ndiyo rekodi ya jimbo zima. Ely ndiko kwa Will Steger, mmoja wa viongozi wa kundi lililofika Ncha ya Kaskazini kwa mbwa mwaka 1986. Ujuzi wa baridi mji ule umejaa tele, wao wameamua kutoununua. Kisha wakatupa vocha ya punguzo la safari ijayo. Safari ijayo!

Tulipokataa, wakaleta fomu tuliyosaini, ile ya kuwaondolea lawama mtu akiumia. Hapo ndipo msikubali kutishwa. Minnesota tangu 2013 ina sheria inayosema fomu za namna hiyo haziwezi kumkinga mfanyabiashara kwa uzembe uliozidi ule wa kawaida. Kama buti mbovu, begi la uongo na karatasi za kugawa kundi havijafika huko, mwanasheria atatuambia, si wao.

Lalamiko la kwanza linaenda Forest Service, idara ya misitu ya serikali ya Marekani, maana ndio wanaotoa kibali cha biashara mle msituni. Jingine ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kadi ya benki tumeshapinga malipo. Shangazi vidole viwili bado vina ganzi.

Mliokuwepo na mnasoma humu: mwenye picha inayotuonyesha wote 14 upande wa pili wa ziwa anitumie PM leo, na asiikate pembeni, nataka tarehe na saa zionekane.