Kinyozi hajinyoi: madizaina, logo zenu wenyewe mlizipataje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina miaka 6 kwenye kazi hii. Nimetengeneza logo za saluni, kwaya, vikoba, hata ya muuza kuku. Yangu sina. Juzi mteja wa Kariakoo kaniomba kadi, nikampa kikaratasi chenye namba ya simu. Kakigeuza, kaangalia nyuma, kisha: "Fundi, na hiyo logo yangu kweli unanidai laki mbili?"

Kwenye kompyuta nina folda inaitwa YANGU. Ndani kuna faili 43: "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", "ya mwisho kweli". Ninayoipenda usiku, asubuhi naiona kama ya kiwanda cha maji. Leteni stori zenu, na mlipochemka msifiche.

*Vekta wa Mwanza*
Mimi nilijifanya mteja. Nilichukua fomu yangu ya maswali nikaijaza kwa kalamu. Swali la "wateja wako ni akina nani?" likanikalisha saa nzima. Kumbe kazi zangu karibu zote ni lebo: asali, unga wa lishe, sabuni za maji. Na mimi nilikuwa nachora penseli na brashi kama dizaina yeyote! Nikabaki na herufi mbili ndani ya umbo la lebo. Halafu nikamlipa dizaina mwenzangu 50,000 anikosoe. Rafiki wa bure atakwambia "iko poa mzee".

*Dada wa Rangi*
Yangu ilikuwa nzuri kwenye skrini jamani. Bluu inafifia taratibu hadi zambarau, mistari myembamba kama unywele. Nikaipeleka kwa fundi wa kudarizi aiweke kwenye shati. Akaitazama, akanitazama. "Dada, uzi haufifii. Hapa inapokuwa si bluu wala si zambarau, nitoe uzi gani?" Nikaona huyu hajui kazi, nikaenda kuchonga muhuri. Herufi ndogo zikajaa wino, jina langu likawa doa. Kadi nazo, ile bluu inayowaka ya RGB (rangi za skrini) ilipogeuzwa CMYK (rangi za wino wa kuchapia) ikatoka imepauka kama sare iliyofuliwa muhula mzima. Kadi 500, nimeshazilipia.

Sasa naanza na nyeusi tupu, upana wa sentimita moja na nusu. Rangi ni baadaye. Yule fundi nilirudi kumwomba radhi, na siku hizi ndiye wa kwanza kuona kazi zangu.

*Bi Pindo, Unguja*
Mie nilichukua mpangilio wa kanga: pindo, mji, jina. Pindo halibadiliki, ndilo linalozunguka kadi na bei zangu zote. Katikati, kwenye mji, naweka kazi yenyewe. Chini panakaa maneno, nayabadilisha kwa msimu, ya harusi mbali, ya Ramadhani mbali. Hata nisipoweka alama yoyote watu hujua ni mie. Tabu ni moja tu: mwezi wa kwanza watu watatu waliniuliza doti shilingi ngapi.

*Ndege Wawili*
Nilipakua ndege wa bure mtandaoni, nikamgeuza rangi. Mwaka mmoja baadaye nikamkuta juu ya duka la dawa, yuleyule, anatazama upande uleule. Ningemshitaki nani? Nikachora upya kwa mkono, nikaisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara bara. Bara ulinzi wa alama ni miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Bi Pindo, kwenu Zanzibar usajili ni wa kwake, kwa wakala wa huko, BPRA; cheti cha bara hakikulindi huko.

*Mzee wa Nairobi*
Ile alama ya Nike, Carolyn Davidson aliichora 1971 akiwa mwanafunzi, akalipwa dola 35. Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, hakuipenda, alisema labda ataizoea. Wewe una faili 43 na bado unangoja kuipenda? Mimi sina alama, ni jina langu tu na fonti moja tangu nianze, na kazi huja.

*Mwanzisha mada*
Mzee umeniua. Nimefuta 41. Kesho nazipeleka hizo 2 kwa mchonga mihuri kabla sijabadili mawazo. Muhuri wa mbao siku hizi ni bei gani?

*Dada wa Rangi*
Bei mtapatana. Nenda asubuhi, na usimwambie kwamba wewe ni dizaina.