Wanaolala nje Mbeya: warudishwe kwao, au wasaidiwe kubaki na chumba?

MTOA MADA: Ndugu zangu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, naleta hoja. Kila baridi ya mwezi wa sita na wa saba inapokaza, tunaanza tena kuwazungumzia wanaolala kwenye baraza za maduka Mwanjelwa, Kabwe na pembeni mwa stendi. Jibu linalotoka haraka ni kwamba wakusanywe, wapakiwe kwenye gari, warudishwe kwao. Mimi napinga.

Jambo hili limeshajaribiwa. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini, kwa sababu kilichowatoa kijijini kilikuwa bado kipo. Tunavyo pia vifungu vya uzururaji katika Kanuni ya Adhabu, cha 176 na cha 177, vyenye asili ya ukoloni. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Mtu asikamatwe kwa kuwa hana pa kulala.

Halafu tuulizane, kwao ni wapi? Mjane aliyetolewa nyumbani na shemeji zake matanga yalipoisha, arudi kwa nani? Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi wa ukoo wa baba, halimpi mjane fungu lake. Linamwachia atunzwe na wanawe. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na utafiti wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe wanaishi na virusi. Tunajua wenyewe ni nyumba ngapi zilibaki na watoto peke yao, na shamba likachukuliwa na baba mdogo. Na yule kijana anayejitoa kwenye heroini? Methadoni, dawa ya kumsaidia kuiacha, kwa walio wengi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, pale kliniki ya Hospitali ya Rufaa. Mpakie kwenye gari la kwenda Ileje leo, kesho hana dozi.

Sasa hesabu ya chumba. Tuseme ni 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, 180,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja. Inafika 210,000 kabla hujanunua godoro. Mbeba mizigo sokoni au muokota makopo anaweza kutoa 1,000 kila siku, na wengine wanaitoa kwenye gesti bubu kwa kulala usiku mmoja mmoja. Kinachomshinda ni kuikusanya pamoja, maana anayelala nje hana pa kuficha pesa.

Tena kuingia ndani ni nusu tu ya kazi. Miezi sita ikiisha anadaiwa mingine sita, na kama katikati aliugua wiki mbili anarudi barazani. Anahitaji mtu wa kumfuata: afisa ustawi wa jamii anayebisha hodi, anayemsindikiza kliniki, anayemsaidia kupata namba ya NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imekuwa ikienda kwa kaya zilizotambuliwa kwenye mtaa au kijiji. Asiye na kaya huyo anaingilia wapi? Ufini walianza mwaka 2008 kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumtaka aache pombe ndipo apewe, na msaada ukamfuata humo ndani. Wasio na makazi walikuwa wapatao 8,000, na kufikia 2022 walikuwa wameshuka chini ya 4,000. Ni nchi tajiri, nakubali. Ila mpangilio huo wa kuanza na mlango tunaweza kuuiga kwa uwezo wetu.

MZEE WA IYUNGA: Mwanangu, umesema vizuri lakini unatuvuta pabaya. Ukisikika mji unalipia watu vyumba, kila aliyechoka kulima Mbozi atakuja. Na wale watoto wadogo? Nao uwape chumba?

MTOA MADA: Shikamoo mzee wangu. Kwa watoto tuko pamoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka aishi na wazazi au walezi, ila ustawi wa jamii wachunguze kwanza hiyo nyumba alikoikimbia. Watu wazima ni suala jingine. Anayelala kwenye boksi na baridi hii ya kwetu hakuvutwa na chumba, maana hakipo. Amekuja na hana.

MAMA MWENYE NYUMBA, ILOMBA: Niseme na sisi tunaolaumiwa. Nilishampangisha kijana wa namna hiyo. Kodi alilipa. Siku moja akachanganyikiwa usiku, akapiga kelele mpaka wapangaji wengine wakatoka nje, nami sina namba ya ndugu hata mmoja. Mwenyekiti akaniambia ni mpangaji wangu, nijue mwenyewe. Nilimtoa. Sikufurahi, lakini ningefanyaje?

MTOA MADA: Mama, pole sana. Ulichokikosa usiku ule ndicho ninachokidai: namba ya kupiga na mtu wa kuja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, lakini mikopo hiyo kwa walio wengi inataka kikundi na anwani. Napendekeza liwepo fungu dogo la ustawi wa jamii la kudhamini kodi, mtu alipe kidogo kidogo kwa wiki, na afisa wa kata amtembelee mwaka mzima. Ungempokea kwa mpango huo?

MAMA MWENYE NYUMBA, ILOMBA: Kwa mwezi mmoja mmoja ningempokea. Lakini mdhamini iwe ofisi, kwa maandishi na mhuri. Afisa akihamishwa, namba ile ile iendelee kupokelewa. Na usiku pia.

MZEE WA IYUNGA: Usiku ofisi ya kata imefungwa. Hapo mtanijibu nini?