Wazazi wako delta ya Tana nami niko Nairobi: nitazame dalili gani kabla maji hayajafika?

Binti wa Garsen (Umoja, Nairobi) ameuliza:

Hamjambo nyote. Ninafanya kazi hapa Nairobi, lakini wazazi wangu wanaishi kijijini karibu na Garsen, hatua chache kutoka ukingo wa Mto Tana, ambako baba analima mpunga, mahindi na migomba. Novemba 2023 maji yaliingia nyumbani usiku, na kabla ukarabati haujakamilika yakarudi tena katika masika ya 2024. Mara zote mbili nilikuwa nikitazama mvua ya Nairobi na kuwapigia simu inapozidi, nikidhani nawatahadharisha. Mara ya kwanza nilipiga wakiwa wameshahama. Mara ya pili niliwahamisha mapema mno: walikaa kwa shangazi wiki mbili jua likiwaka, baba akarudi shambani kwa hasira, na maji yakamkuta huko huko. Sasa ndugu zangu wanataka tuwahamishe moja kwa moja, naye hataki hata kulisikia neno hilo. Naomba wenye uzoefu wanieleze dalili ninazoweza kuzifuatilia nikiwa mbali, na mambo ya kufanya nyumbani mapema.

Mwana wa Mto amejibu:

Pole sana, dada. Mvua inayonyesha juu ya Nairobi huingia Mto Nairobi, ambao humwaga maji yake katika Mto Athi, na Athi ndio unaokuja kuitwa Galana na mwishowe Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo ulikuwa ukiwatahadharisha watu wa Malindi.

Maji ya kwenu hutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Hupita katika mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu husafiri mamia ya kilomita katika nchi kavu kupitia Garissa na Hola kabla ya kufika Garsen. Ndiyo maana delta inaweza kufurika bila wingu hata moja mbinguni, na mzee anayeuliza mvua iko wapi hajakosea. Ila huko kwetu mvua na mafuriko ni mambo mawili tofauti.

Kuna dalili moja unayoweza kuipata hapo hapo Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mnayotumia hutoka bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwenye Mto Thika, nao ni tawimto la Tana. Ukisikia Ndakaini limejaa na linamwagika, fahamu kwamba milima imeshiba. Baada ya hapo tega sikio kwa Masinga. Bwawa hilo lilikamilika 1981, nalo ndilo kubwa kuliko mengine yote ya mto huo, hivyo ndilo linalozuia mafuriko ya juu yasishuke kwa mkupuo. Likishajaa pomoni, maji yanayoingia hayana pa kukaa, hupita juu na kuendelea na safari. Habari hiyo hutangazwa hadharani, na siku hiyo ndiyo ya kumpigia mzee simu. Kisha uwe na mtu Garissa. Akikuambia kwamba barabara ya Madogo imekatwa na maji, kwenu zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole.

Mkulima wa Ahero amejibu:

Mna bahati ya kuwa na siku. Sisi wa uwanda wa Kano, Mto Nyando ukikasirika milimani Nandi tunahesabu saa.

Kuhusu kumhamisha mzee moja kwa moja, sikubaliani na ndugu zako. Mafuriko ndiyo yanayoleta udongo ule mweusi wa rutuba, na mkulima wa bondeni huyangoja kama anavyoyaogopa. Ukimpeleka nchi kavu umemnyang'anya kazi. Mtenganishie mahali pa kulala na mahali pa kulima: nyumba ipande juu, shamba libaki chini. Nyumba ikichelewa, anzeni na ghala. Lijengeni juu ya nguzo, sakafu yake ipite alama iliyoachwa na maji ya 2024 ukutani, kwa sababu ukuta wenu unakumbuka vizuri kuliko sisi sote. Mbegu za msimu ujao zisihifadhiwe na chakula. Ziwekwe katika pipa lenye mfuniko wa kubana, nyumbani kwa mtu wa mwinukoni. Nimewahi kuokoa mahindi ya kula nikapoteza mbegu, na msimu uliofuata nikawa kibarua katika mashamba ya wenzangu.

Halafu kuna choo. Choo cha shimo kikifurika, kisima cha jirani si kisima tena. Maji ya kunywa yaacheni yatuame, myachuje kwa kitambaa safi, ndipo mtie dawa ya klorini, maana maji ya tope huimaliza nguvu dawa kabla haijaua vijidudu. Kuni zikipatikana, chemsheni.

Mganga wa Mifugo (Kasarani) amejibu:

Hujataja mifugo, lakini kama wapo naomba niongeze jambo. Mayai ya mbu wanaoeneza homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu, hukaa katika udongo mkavu kwa miaka, na mafuriko yakiyafikia huangua. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za 1997 na tena za 2006, Garissa ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Chanjo hutolewa kabla ya msimu. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka mnyama mmoja hadi mwingine inaweza kuueneza. Mbuzi wakianza kuharibu mimba kwa wingi, asichinjwe hata mmoja, hata kama nyama inaonekana nzuri.

Binti wa Garsen:

Ahsanteni mno. Jana jioni nilimpigia baba, akacheka hadi akakohoa aliposikia nilimhamisha kwa mvua ya Malindi. Amekubali mbegu na hati za shamba zipelekwe kwa shangazi mwezi huu, na mbuzi sita wachanjwe. Yeye mwenyewe hatatoka mpaka Masinga lijae. Mama anasema yeye hatangoja habari za Masinga. Limebaki jambo la mtumbwi. Mwaka ule mwenye mtumbwi alidai pesa taslimu, na wakala wa pesa za simu hakuwa nazo kwa sababu barabara ilikuwa imekatika.

Mwana wa Mto:

Mlipeni sasa, ardhi ikiwa kavu, nusu ya nauli mbele ya mzee wa kijiji, na mkubaliane ni safari ngapi na mizigo kiasi gani. Asivushe mtu usiku, kwa sababu ya viboko na mamba. Na mama yako atangulie na simu iliyojaa chaji.